Kiapo cha Chumvi Nilichokitunga Mwenyewe

Bi Kavumbi, shikamoo. Nimekusoma kila Jumamosi kwa miaka, mara nyingi nikiwacheka wanaokuandikia, na leo zamu ni yangu, basi naomba msaada wako na naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaniita mpumbavu, maana hilo nshajiita mwenyewe. Majina yote nimeyabadili, ila la Joram nimeliacha kama lilivyo, sijui kwa nini.

Mimi ni dijei wa muvi, si wa muziki, wa muvi, yaani hapa Kisumu Ndogo, Malindi, kuna ukumbi wa video wa Bwana Gachanja, mabati juu na mabati kando, mabenchi kumi na mawili, na mimi hukaa ubavuni mwa televisheni na maiki nikiwatafsiria watu filamu za Wazungu na za Wachina, na Kichina sikijui hata neno, na Kizungu changu ni cha darasa la nane, lakini watu hawaji kusikia alichosema Mzungu, waja kusikia nitakachosema mimi. Mzungu akifungua kinywa namtilia maneno ya hapa, jambazi namfanya mtu wa Mambrui aliyekosana na mkewe, polisi mnene namfanya atafute sambusa mfukoni kabla ya bastola, na ukumbi mzima unashika mbavu. Miaka tisa hii ndiyo kazi yangu, na bila kujigamba, Bi Kavumbi, naijua.

Muvi zinazopendwa zaidi ni za wizi wa benki, zile za genge la watu wanne wanaopanga kwa ramani, halafu bunduki, halafu damu hadi kwenye dari, na humo ndimo nilimotunga kitu nilichokiita Kanuni ya Adhabu ya Kisumu Ndogo. Genge likianza kupanga, mimi nasimamisha picha, natoa karatasi kama hakimu, nakohoa, nasoma. Kifungu cha kwanza, mwenye kuiba kuku, miaka saba na kazi ngumu. Kifungu cha pili, mwenye kuiba dawa za zahanati nzima, apewe gari lenye bendera. Kifungu cha tatu, mwenye kuuza kiwanja cha shule, barabara iitwe jina lake. Kifungu cha nne, aliyesimama nje na pikipiki hana kesi, huyo alikuwa anaota jua. Watu walipiga mabati kwa ngumi, na mimi nilijiona nasema yale ambayo wenye suti wanaogopa kuyasema, na mpaka leo vile vifungu vitatu vya mwanzo sivijutii.

Halafu kuna soja. Kila muvi ya wizi ina soja, yaani mlinzi, mlangoni, na wangu nilimpa jina la Bwana Usingizi, nikawa namkoromea kwa maiki, na akipigwa rungu namfanya aseme, "Ahsante bosi, nilikuwa nauhitaji huu usingizi," na mbele kidogo nampigisha saluti hata kama kwenye picha amekufa. Joram alikuwa soja wa kweli, mtu wa bara, mlinzi wa duka moja la jumla hapa mjini, akija kila Jumapili na sare yake akitoka zamu, anakaa benchi la tatu, na hakuna aliyecheka kumshinda. Watu wakamhamishia lile jina. Alikuwa akiitika.

Sasa kiapo. Kuna muvi moja, wezi wanne wamekaa mezani wanakula nyama, hawasemi neno, mkubwa wao anachota chumvi kwa ncha ya kisu, basi, ni hayo tu, dakika nzima ya kutafuna, nikaona ukumbi unapooza na watu wanaanza kutazama simu. Marehemu babu yangu, Bi Kavumbi, alikuwa mtu wa kiraho kule Ganze, yaani ndiye aliyekuwa akilisha watu kiapo cha Kigiriama, mtu akishukiwa wizi au uchawi anapelekwa kwake, na wengine walikuwa wakikiri njiani kabla hawajaiona nyumba. Nilipokuwa mdogo nilimsikia sana. Basi siku ile nikashika maiki nikafungua kwa maneno ya babu, yale yale, kwa Kigiriama, kwa sauti yake nzito, kisha nikaunganisha ya kwangu, kwamba chumvi hii imekauka kwa jua na haisahau mkono ulioichota, na atakayemtaja mwenzake ulimi wake ukauke na mtoto wake anyonyaye akauke. Wengine walicheka. Wengine walinyamaza kabisa, kisha wakapiga makofi marefu, na tangu hapo watu wakawa wanaiomba: "Dijei, tuwekee ile ya chumvi!"

Shemeji yangu Baya, mume wa dada yangu Mbeyu, ni kibarua wa mashamba ya chumvi ya Marereni, ana miaka thelathini na mmoja, mikono imepasuka mpaka hawezi kufunga kifungo cha shati vizuri, mtu mpole, na ana mtoto wa miezi mitano. Alikuwa akija na pikipiki yake kila Jumapili kunisikiliza na kunisifu. Mwezi wa tatu, saa nane mchana, watu wanne walikwenda kuiba katika duka lile analolinda Joram, watatu wakaingia na mapanga na mmoja akabaki nje na pikipiki, na yule wa nje alikuwa Baya.

Walimpiga Joram kichwani kwa ubapa wa panga, na mwanamke aliyekuwa kaunta amewaambia polisi kwamba waliompiga walikuwa wakicheka, na mmoja alisema, "Lala, Bwana Usingizi." Joram hakuinuka. Nadhani walingoja ainuke. Baya aliposikia kishindo aliingia ndani, akamwona yule mtu chini, akavua shati akamfunga kichwa nalo, na wenzake wakampita mlangoni wakaondoka na pikipiki yake mwenyewe. Polisi walimkuta amekaa sakafuni na kichwa cha Joram mapajani.

Ameshtakiwa wizi wa kimabavu na yumo rumande. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona nilikuwa nimejiandaa kumpa moyo, nikamkuta ametulia kuliko mimi.

"Shemeji, usinililie," akaniambia. "Mimi nilikuwa nje. Mwenye pikipiki hana kesi, wewe si wajua?"

 Nikamwuliza, "Na hao watatu ni kina nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Tulikula chumvi, shemeji. Kwa kisu. Maneno ya babu yako niliyashika yote, sikukosea hata moja, mimi ndiye niliyewasomea wenzangu." Akaanza kuyasema pale kwenye dirisha la kuonana, kwa sauti ile ile, na yale niliyoyatunga mimi akiyasema kwa heshima sawa na yale ya babu.

Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilifurahi. Kabla sijaogopa, kabla sijaona aibu, nilifurahi kwamba kuna mtu aliyeyashika maneno yangu yote kwa moyo, na kwa sababu ya ile furaha nikanyamaza, na muda wa kuonana ukaisha.

Akanieleza pia kwamba siku ya kwanza, kituoni, alitaka kuwataja wale watatu, alikuwa ameshafungua kinywa, na saa ile ile Mbeyu akaleta habari kwamba mtoto ana homa kali na amepelekwa zahanati. Akafunga mdomo na mtoto akapona. Ilikuwa malaria, Bi Kavumbi, walimpima wakaiona, wakampa dawa, lakini Baya anasema ilikuwa chumvi. Wakili wa msaada aliyepewa amemsihi aseme, amekataa. Kesi itaanza kusikizwa tarehe ishirini na sita.

Na mimi tangu siku hiyo sijamwambia kwamba kile kiapo nilikitunga nikiwa nimeshika soda mkono wa pili. Nikimwambia, atawataja, na mmoja wao nadhani namjua, maana kuna mtu wa benchi la mbele alikuja akasimama mlangoni akaniambia, "Dijei, maneno yako yana nguvu, yatunze," akaenda zake. Gachanja naye, ambaye hurekodi maonyesho yangu, anasema, "Futa hizo flashi zote zenye sauti yako, mimi sikutoka bara kuja kufungwa kwa ajili ya mdomo wako." Naogopa nikisema mahakamani nami nitashtakiwa kwa kuchochea watu. Mbeyu hajui lolote, yeye adhani mumewe ni mkaidi tu, na kila akija kwangu mtoto mgongoni ananiambia, "Kaka, wewe anakuheshimu, mwombe aseme," nami namwambia nitamwomba. Na kuna hofu nyingine ambayo nikiisema mchana naiona ya kijinga, kwamba yale ya mwanzo yalikuwa ya babu kweli, sikuyatunga, na siku hizi nikishika maiki ulimi wangu unakauka mpaka naomba maji.

Jumapili iliyopita ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Wakaanza kupiga mabati, ile ya chumvi, ile ya chumvi. Nikaifanya.

Je, niende nikamwambie Baya? Na nikimwambia, na mtoto akaugua tena, nitamtazama dada yangu kwa macho gani? Nijibu hata kwa ukali, lakini nijibu.

Dijei wa Kisumu Ndogo

*

Marahaba, mwanangu.

Mpumbavu sitakuita. Mpumbavu husamehewa upesi, nawe sitaki uponyoke kwa urahisi huo. Nimekupigia simu mara mbili kwa namba uliyoiandika chini ya barua, hukushika, na tarehe ishirini na sita haikungoji, basi nakujibu hapa. Mengine nimeyafuta yasije yakawafaa watu wabaya.

Nianze na sheria, ile ya kweli. Kabla ya kukaa kwenye meza hii nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na miwili, nikitafsiri Kigiriama kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Kigiriama, kwa hivyo kifungu hiki nimekisoma kwa sauti mara nyingi kuliko ulivyosoma vyako. Wizi wa kimabavu hauulizi nani alishika panga na nani alishika pikipiki. Wezi wakiwa wawili au zaidi, yatosha. Silaha ikiwapo, yatosha. Mtu akijeruhiwa, yatosha. Na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Kitanzi hakijatumika nchini miaka mingi, kweli, lakini watu wanazeekea ndani. Nilimtafsiria hukumu hiyo mtu aliyekuwa nje akishikilia lango tu, akaniuliza mimi, si hakimu, "Mama, umesema sawasawa?" Shemeji yako amekaa rumande na moyo mtulivu kwa sababu ya kifungu cha nne chako. Huo utulivu wake ndio unaonitisha.

Sasa utani wako. Vifungu vyako vitatu vya mwanzo nimevicheka, sikufichi, nilikuwa jikoni na chai ikamwagika. Yule wa zahanati na bendera yake ameiba mpaka amechoka, na mtu wa kumsema kwa maiki anahitajika. Lakini hebu niambie, Bwana Usingizi alikuwa amekuibia nini? Na yule wa pikipiki, ulikuwa ukimcheka nani pale? Ulianza kuwacheka wenye nguvu, watu wakapiga mabati, ukapenda mlio wa mabati, na kufikia kifungu cha nne ulikuwa hutazami tena maneno yanamwangukia nani. Joram alicheka, wasema. Angefanya nini? Yuko ugenini, amevaa sare, benchi zima linamtazama. Mtu hucheka akitafuta nafasi ya kukaa.

Usinifikirie natoka juu kukuhubiria. Mwaka wangu wa tatu kortini, mzee mmoja alishtakiwa kwa ng'ombe, akajitetea kwa Kigiriama cha zamani sana, nami nikakitafsiri kwa namna iliyowachekesha wote, mpaka hakimu akafuta machozi. Nilijua kuna namna nyingine ya kuyasema yale maneno, ya heshima. Nilichagua ile kwa sababu mawakili walikuwa wananitazama. Alifungwa. Pengine angefungwa vyovyote, sijui, na huko kutojua nimelala nako mpaka leo. Siku niliyoajiriwa niliapa kutafsiri kwa uaminifu, na bado nilifanya vile. Wewe hukuapa, na hakuna anayekudai ukweli kwenye muvi, tunga upendavyo. Lakini siku ile dirishani hapakuwa na muvi. Palikuwa na mtu aliyekuuliza, "Wewe si wajua?" nawe ukanyamaza kwa raha ya kusifiwa.

Ama hofu ya babu yako. Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ulipofungwa wewe na Baya kwa kamba moja. Babu yako aliwaita watu mchana kweupe, mshtaki akiwapo, mshtakiwa akiwapo, majirani wakiwapo, na kazi ya kile kiraho ilikuwa kuwafanya watu waseme. Umeniandikia mwenyewe kwamba walikiri njiani! Wewe umechukua ufunguzi wake ukaushonea mkia wa kunyamazisha watu, wa kuficha wizi. Hicho si kiraho, na mtu mzima yeyote wa Ganze atakwambia hivyo bila kuinuka kitini. Kama babu yako ana neno na yeyote katika jambo hili, ni na yule anayezuia ukweli usitoke, na huyo si Baya peke yake. Mtoto alikuwa na malaria. Aligunduliwa kwa kipimo na akapona kwa dawa. Atakuja kuugua tena, watoto wa pwani huugua, na akiugua mpelekeni zahanati. Wazee wa kwenu wakitaka kufanya tambiko la kumtuliza Baya, wafanye, lakini baada ya yeye kusema, si kabla.

Jumapili iliyopita sasa. Nimeisoma sentensi yako mara tatu, "Nikaifanya." Fupi sana kwa mtu mwenye maneno mengi kama wewe. Shemeji yako yuko ndani kwa maneno yale, Joram yuko kitandani, na wewe ukayarudia kwa sababu benchi zilijaa, mbele ya watu ambao pengine wawili au watatu kati yao waliyala na chumvi. Hili ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Usiifanye tena. Hata wakivunja mabati.

Sasa fanya hivi, na uanze leo, si wiki ijayo. Mwambie Mbeyu leo, yote, pamoja na ile furaha yako, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Atakutukana, mwache akutukane. Kisha yeye na mtoto waondoke Marereni waende kwa watu wenu, na usimwambie mtu ni wapi, maana Baya akisema, wale watatu wataanza kumtafuta aliye karibu naye. Yule wa benchi la mbele usimfuate wala usimjibu, lakini andika alichokwambia, siku na saa. Flashi usifute hata moja. Mwambie Gachanja kwamba kuharibu kitu kinachoweza kutakiwa kortini ni kosa jingine, na hilo halina utani, atafungwa kwa mkono wake mwenyewe na si kwa mdomo wako. Zichukue zote, pamoja na ile muvi ya nyama kama ilivyotoka, bila sauti yako, umpelekee wakili wa Baya. Mwambie wakili kila kitu na umwulize pia kuhusu nafsi yako, kama waweza kushtakiwa au la. Mimi sidhani, lakini mimi si wakili wako. Na hata ikiwa ndiyo, bado nenda.

Kisha siku ya kuonana, nenda dirishani kwa Baya. Acha sauti ya maiki nyumbani. Usianze na salamu ndefu wala usilie. Mwambie kwamba ile picha waliyoapia ni picha ya watu wanaokula. Kwamba Mzungu hakusema neno lolote, alikuwa anatia chumvi kwenye nyama yake. Kwamba maneno ya ulimi na mtoto uliyatunga wewe, siku ile, kwa sababu watu walikuwa wakitazama simu. Mwambie kifungu cha nne hakipo. Mwambie kilichopo kinasema nini, na mwambie wenzake walimwacha sakafuni na wakachukua pikipiki yake, kwa hivyo hata genge la muvi halingemdai kimya. Pengine hatakuamini mara moja. Atakukasirikia, maana umemnyang'anya kitu alichokuwa amekishikilia. Kaa hapo hapo. Ukimaliza kusema, nyamaza kabisa, mpe nafasi aseme yeye kwa maneno yake. Tangu umjue umekuwa ukimwekea maneno kinywani.

Siwezi kukuahidi kwamba atatoka. Akisema mapema, upande wa mashtaka huweza kukubaliana na mtu, na lile shati lililomfunga Joram kichwa lina uzito wake, wakili atajua kuliweka mezani. Lakini alikwenda pale, na aliwapeleka wenzake, na alijua wamebeba mapanga. Mzigo huo ni wake, usimbebee wote kwa majonzi ukadhani ndio upendo. Huenda akakaa ndani miaka mingi. Tofauti ni kwamba atakuwa amekaa akijua kwa nini, na mwanawe atakuwa na baba wa kwenda kumwona ambaye haogopi tena kwamba chumvi itamdhuru mtoto.

Limebaki moja, nalo hukuniuliza. Umeandika kurasa nne, na tangu Joram alipoanguka hujaniambia yuko wapi, analala vipi, nani anamlisha. Nimeuliza mwenyewe, mji huu si mkubwa. Yuko chumbani kwake hapo hapo Kisumu Ndogo, upande mmoja wa mwili hausikii, kusema hawezi, mkewe Phoebe anampa uji kwa kijiko na kumgeuza asipate vidonda. Kutoka kwako hadi kwake hapafiki hatua mia mbili, na wewe hujakwenda.

Wasema jina lake hukulibadili na hujui kwa nini. Mimi najua. Ulikwisha kumbadili mara moja, na jina ulilompa ndilo alilopigwa nalo.

Nenda. Usiende na mzaha, usiende na zawadi ya kukusafisha. Mwombe Phoebe ruhusa, shika kile kijiko ukiruhusiwa, kaa pale alipo aweze kukuona. Na ukifungua kinywa, neno la kwanza liwe Joram.

Bi Kavumbi